Isale Kwenye Mpaka: Namna ya Kuzisaka Motifu Fupi katika Protini za Binadamu

Wazee wetu, shikamooni. Wanafunzi na ndugu wengine mliokuja kusikiliza, karibuni.

Anayetoka hapa Moshi mjini akapanda kuelekea Kibosho au Marangu hatembei sana kabla ya kuona isale, ule mmea wa Wachaga. Likisimama kwenye mstari kati ya vihamba viwili, linasema: mpaka ni hapa. Jani lake likiwa mkononi mwa mtu aliyekuja kuomba radhi, linasema jambo jingine kabisa, na aliyekosewa anajua anachotakiwa kufanya. Likipandwa getini kwenye hoteli ili kupendezesha, halisemi kitu. Mmea ni uleule. Kinachobadilika ni mahali ulipo na nani anayeusoma.

Protini za mwili wa binadamu nazo zina masale yao. Tunayaita motifu fupi, na leo tunaeleza jinsi yanavyosakwa kwa kompyuta, na hasa jinsi msakaji anavyodanganyika. Kuyapata ni kazi ya dakika chache. Kutofautisha la mpakani na la getini ndiko kunakokula miezi.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Kila asidi amino tunaiandika kwa herufi moja, na alfabeti hiyo ina herufi 20. Sehemu kubwa ya minyororo hujikunja ikawa na umbo imara. Sehemu hizo tutaziita domeni. Lakini takriban theluthi ya herufi zote za protini zetu ziko katika maeneo yasiyojikunja, yanayoning'inia kama kamba iliyolegea. Kwa miaka mingi maeneo hayo yalionekana kama vijazio tu. Kumbe humo ndimo motifu nyingi hukaa: vipande vya herufi 3 hadi 10 hivi, na ndani yake herufi 2 hadi 5 tu ndizo zinazobeba uzito wa kushika protini nyingine. Zilizobaki zinaweza kuwa karibu herufi yoyote.

Mifano michache ili tusizungumze hewani. Protini nyingi zinazotakiwa kubaki ndani ya retikulamu ya endoplazimu, karakana ya utando iliyomo ndani ya seli, huishia na herufi KDEL mkiani. Munro na Pelham walilionyesha hilo mwaka 1987. Herufi RGD katika fibronektini, protini iliyo nje ya seli, ndizo zinazoshikwa na vipokezi vya integrini, jambo lililojulikana mwaka 1984. Protini iitwayo beta-katenini ina DSGIHS karibu na kichwa chake. S mbili za kipande hicho, ya 33 na ya 37, zikibandikwa fosfeti, mashine ya seli ya kuharibu protini huisoma kama amri ya kifo. Na katika saratani kadhaa za binadamu, mabadiliko ya jeni huangukia hapohapo: herufi moja ikibadilika, amri haisomeki, na beta-katenini inajaa kwenye seli.

Mshiko wa motifu ni dhaifu. Kwa kawaida hupimwa kwa maikromola, kuanzia 1 hadi mamia kadhaa, wakati kingamwili nzuri hushika kwa nanomola; kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo mshiko unavyokuwa mkali. Udhaifu huo una kazi yake: ishara ndani ya seli lazima iwake na kuzimika, na kinachoshika kwa nguvu hakiachii kwa wakati. Lakini kumbukeni jambo hili, maana tutakapofika maabara ndilo litakalotusumbua.

Sasa namna ya kuandika. Motifu huandikwa kwa fomula ya herufi: nukta ni herufi yoyote, mabano ya mraba ni chaguo, kofia ndani ya mabano ni katazo, alama ya dola ni mwisho wa mnyororo. Kwa hiyo N[^P][ST] ni N, ikifuatwa na chochote isipokuwa P, kisha S au T. Hapo ndipo sukari hubandikwa kwenye protini. Ukitaka orodha ya fomula zilizothibitishwa, nenda kwenye kanzidata ya ELM, ambayo ina zaidi ya aina 300 za motifu na matukio zaidi ya 4,000 yaliyopimwa maabara. Makadirio ya kitaalamu yanasema protini za binadamu zinaweza kuwa na motifu zaidi ya laki moja. Pengo kati ya 4,000 na laki moja ndilo linalotuleta hapa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukueni kalamu.

Jeni za binadamu zinazotengeneza protini ni kama 20,000, na ukichukua protini moja kwa kila jeni unapata herufi milioni 11 na kitu. Tuseme milioni 11. Tuchukulie kwanza kwamba herufi zote 20 zinatokea kwa usawa. Si kweli, lakini inatosha kuanzia. Uwezekano wa kupata RGD mahali popote kwa bahati tu ni 1 kwa 8,000. Gawanya milioni 11 kwa 8,000: unapata 1,375. Yaani hata kama herufi zote zingemwagwa kama mahindi juu ya turubai bila mpango wowote, bado ungepata RGD zaidi ya elfu moja. Fomula ya sukari ni mbaya zaidi: 1/20 mara 19/20 mara 2/20, sawa na tukio moja kwa kila herufi 210, jumla zaidi ya 52,000. Na fomula P..P, ambayo domeni za SH3 (aina moja ya domeni zinazoshika motifu) huipenda, inatoa 27,500 kwa hesabu hiyo, na kwa uhalisia ni nyingi zaidi kwa sababu P hupenda kukaa makundi.

Linganisha na KDEL$. Hapa herufi nne lazima ziwe mkiani. Uwezekano ni 1 kwa 160,000, na mikia iko 20,000 tu. Matarajio ya bahati ni 0.125, yaani chini ya moja. Kwa hiyo protini ikiishia na KDEL unayo sababu ya kuamini, hata kabla ya kufanya lolote jingine. Tofauti kati ya RGD na KDEL$ haiko kwenye idadi ya herufi tu. Iko kwenye nanga. Motifu yenye nanga mkiani, kichwani, au kwa umbali unaojulikana kutoka alama nyingine ina thamani kubwa kuliko motifu inayoelea.

Wanaofanya kazi ya malaria wanalijua hili vizuri. Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yalitangaza motifu R.L.[EQD] katika protini ambazo kimelea wa malaria huzisafirisha kwenda kwenye chembe nyekundu ya damu aliyoivamia. Herufi tatu tu zilizobanwa, na ingezama kwenye kelele za bahati. Iliokolewa na mahali pake: hutokea umbali mfupi baada ya kipande cha kichwani kinachoipeleka protini kwenye njia ya kutoka.

Tuingie kwenye kazi yenyewe. Vifaa si vya kutisha. Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kwa hatua zote isipokuwa moja tutakayoitaja. Faili la protini za binadamu kutoka UniProt, kanzidata ya mifuatano ya protini, namba ya proteomu UP000005640, toleo la protini moja kwa jeni, ni chini ya megabaiti 20. Bando la kawaida linalishusha bila shida. Andika pembeni tarehe uliyolishusha na namba ya toleo, kwa sababu mifuatano hurekebishwa, na matokeo ya mwaka huu yasipolingana na ya mwaka juzi utataka kujua kama ni wewe au ni faili.

Kosa la kwanza hutokea hapahapa. Faili hilo, lililoandikwa kwa muundo wa FASTA, hukatwa mistari ya herufi 60. Mwanafunzi anayelisaka moja kwa moja kwa grep, amri ya kutafuta maandishi mstari kwa mstari, anakosa kila motifu iliyokatwa na mwisho wa mstari. Kwa motifu ya herufi 3, mianzo 2 kati ya kila 60 inapotea, sawa na asilimia 3.3. Kwa motifu ya herufi 8 zinapotea 7 kati ya 60, karibu asilimia 12. Hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea. Programu inamaliza kwa furaha na jibu pungufu. Unganisha kwanza mistari ya kila protini iwe mmoja.

Kosa la pili ni mwingiliano. Katika mfuatano PPPPPP, fomula P..P imo mara tatu, ikianzia nafasi ya 1, ya 2 na ya 3. Utafutaji wa kawaida wa lugha ya programu ya Python ukishaokota ya kwanza unaruka hadi baada yake, na unakupa moja tu. Andika (?=(P..P)) badala ya P..P, dirisha litasogea herufi moja moja. Kosa la tatu ni kuhesabu nafasi: Python huanza na 0, wanabiolojia huanza na 1. Na kuna mtego wa kihistoria ndani ya mtego huo. Vitabu vinapotaja K ya 4 ya histoni H3, protini ambayo DNA huzungushiwa, havihesabu M ya mwanzo inayokatwa; UniProt inaihesabu, kwa hiyo kwao ni K ya 5. Kabla ya kuamini skripti yako, ipe beta-katenini na uone kama inakuletea DSGIHS kuanzia nafasi ya 32. Ikikuletea 31, unajua pa kurekebisha.

Baada ya hapo unayo orodha ndefu, na sasa machekeche. Tunayaita machekeche makusudi, kwa sababu chekeche halijui nafaka iliyo nzuri. Linajua ukubwa wa tundu tu, na kila moja linatupa punje kadhaa nzuri pamoja na makapi.

Chekeche la kwanza ni anwani: protini inaishi wapi, na kile kipande cha protini kiko upande gani wa utando? Hili ndilo rahisi kuliko yote, na watu wengi hulisahau. Kimeng'enya kinachobandika sukari kwenye N[^P][ST] kiko ndani ya retikulamu ya endoplazimu. Protini inayoishi maisha yake yote kwenye saitoplazimu, ule ujiuji wa seli ulio nje ya karakana hiyo, haikutani nacho kamwe, hata iwe na fomula hiyo mara ishirini. Vivyo hivyo, P..P iliyo nje ya seli haiwezi kushikwa na domeni ya SH3 iliyo ndani. Ni isale la getini hilo. Soma sehemu ya UniProt inayoonyesha mpangilio kwenye utando, herufi kwa herufi, maana protini moja inaweza kuwa na kichwa nje na mkia ndani.

Chekeche la pili ni ulegevu wa mnyororo. Programu ya IUPred hutoa alama kati ya 0 na 1 kwa kila herufi, 0.5 kwenda juu huhesabiwa kuwa eneo lisilojikunja. Ni nyepesi na huhitaji mfuatano tu. Kama theluthi ya herufi ndiyo iliyolegea, RGD zetu 1,375 zinashuka kufikia 450 hivi. Lakini kuweni waangalifu na ile 0.5. Motifu nyingi zina herufi moja au mbili zinazochukia maji, maana ndizo zinazozama kwenye kishimo cha protini inayozishika, na herufi hizo hushusha alama ya IUPred mahali palepale unapopataka. Kwenye mchoro utaona kibonde katikati ya eneo lililo juu. Ndiyo maana wasakaji wengi hushusha kizingiti hadi 0.4, na wengine hata 0.2. Kuna programu iitwayo ANCHOR iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvisaka vibonde hivyo. Unaweza pia kutumia alama ya uhakika ya AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini, ambapo chini ya 50 mara nyingi ni dalili ya ulegevu, ila wakati mwingine AlphaFold humchora mlegevu kana kwamba tayari ameshikwa, na utamtupa bila kujua.

Na sasa kichekesho. RGD ya fibronektini, ile iliyotufundisha yote kuhusu RGD, haiko kwenye eneo legevu. Iko kwenye kitanzi kinachochomoza kutoka kwenye domeni iliyojikunja vizuri, ya kumi katika mfululizo wa domeni za aina ya tatu. Chekeche letu la pili lingeitupa. Kwa hiyo usifute kabisa kilichotupwa. Kiweke kwenye faili jingine, na kipimwe kwa swali tofauti: je, kipande hiki kiko juu ya uso wa domeni au kimefichwa ndani?

Chekeche la tatu, ambalo sisi tunaliamini kuliko mengine, ni uhifadhi. Motifu yenye kazi hulindwa na uteuzi wa asili. Majirani zake katika eneo legevu hubadilika ovyo. Chukua protini hiyohiyo kutoka kwa wanyama wengine, zipange mifuatano sambamba, utazame kama herufi za motifu zinasimama wakati zinazozizunguka zinaanguka. Neno la muhimu hapo ni zinazozizunguka. Herufi iliyohifadhiwa katikati ya domeni iliyohifadhiwa yote haikuambii lolote kuhusu motifu. Herufi nne zilizosimama katikati ya uwanja uliofagiliwa zinakuambia mengi.

Kosa la kawaida ni kuchagua wanyama vibaya. Ukimlinganisha binadamu na sokwe mtu, waliotengana miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kila kitu kitaonekana kimehifadhiwa kwa sababu muda haukutosha kubadilika. Weka panya, kuku, chura na samaki wa pundamilia. Kuku anakupeleka zaidi ya miaka milioni 300 nyuma, samaki zaidi ya 400. Kosa la pili ni kuiamini programu ya kupanga mifuatano. MAFFT na wenzake hufanya kazi safi kwenye domeni, lakini maeneo legevu yana nyongeza na mapengo mengi, na motifu ya kuku inaweza kuwa imesukumwa herufi 12 pembeni na ikahesabiwa kuwa haipo. Angalia kwa macho. Ndiyo, kwa macho, protini moja baada ya nyingine, angalau kwa wagombea 50 wa juu. Na mkumbuke kwamba motifu ni fupi kiasi kwamba huzaliwa na kufa haraka katika mageuzi. Zipo za kweli ambazo ni za mamalia peke yao, na chekeche hili linazinyima haki.

Mpaka hapo tumekuwa tukisaka fomula inayojulikana. Swali gumu zaidi ni kuigundua ambayo hakuna anayeijua. Wazo lenyewe ni rahisi. Chukua protini moja yenye marafiki wengi, tafuta kwenye kanzidata ya IntAct au BioGRID orodha ya protini zinazoshikana nayo, kisha uliza: je, kuna kipande kifupi kinachojirudia ndani ya orodha hii kuliko bahati inavyoruhusu? Programu ya DILIMOT ilifuata njia hiyo, na SLiMFinder, iliyochapishwa mwaka 2007, ikaongeza hesabu kali zaidi za uwezekano.

Tuone kwa nini hesabu hizo ni lazima. Tuseme una protini 20, na kila moja imebaki na herufi 400 baada ya kufunika domeni zake, yaani kuzitoa kwenye msako. Motifu yoyote ya herufi tatu zilizobanwa ina uwezekano wa takriban 400 kwa 8,000 kuwemo kwenye protini moja, yaani 0.05. Unaiona kwenye protini 6 kati ya 20, ambapo ungetegemea moja. Uwezekano wa bahati kukupa 6 au zaidi ni kama 1 kwa 3,000. Mtu anaweza kukimbilia kuandika makala. Lakini kompyuta haikujaribu motifu moja. Kwa herufi tatu, na nafasi huru kati ya 0 na 2 katika kila pengo, kuna motifu 20 mara 20 mara 20 mara 9, sawa na 72,000. Gawanya kwa 3,000: takriban motifu 24 za aina hiyo zitajitokeza kwa bahati tupu katika kila orodha utakayoleta, hata orodha ya protini ulizookota kwa kufumba macho. Ili ushuke chini ya kile kizingiti cha kawaida cha 0.05 baada ya kurekebisha, motifu yako inatakiwa kuwemo kwenye protini 9 kati ya 20. Sita hazitoshi. Nane pia hazitoshi.

Kisha kuna suala la ukoo. Ukikuta nyumba sita zina mila ileile, halafu ukagundua nne ni za ndugu wa baba mmoja, huna mashahidi sita, una watatu. Protini nazo zina koo. Ndugu wanne waliotokana na jeni moja ya zamani wanafanana kila mahali, si kwenye motifu tu, na kufanana kwao ni urithi. Tunachokitafuta ni protini zisizo na undugu ambazo kila moja imejipatia kipande hicho kivyake, kwa sababu ya kukihitaji. Katika mfano wetu, ukiwahesabu hao ndugu wanne kama mmoja, orodha inakuwa 17 na motifu iko kwa 3. Uwezekano wa bahati unapanda kutoka 1 kwa 3,000 hadi 1 kwa 20, kabla hata ya kugusa zile 72,000. SLiMFinder hulinganisha protini zote kwa BLAST, programu ya kupima kufanana kwa mifuatano, huziweka kwenye makundi ya undugu, na kwa mpangilio wake wa kawaida hudai motifu iwepo katika makundi yasiyopungua matatu. Ukiandika programu yako mwenyewe, hatua hii usiiruke.

Jambo la tatu ni mikururuo. Maeneo legevu yamejaa vipande kama QQQQQQ, au SRSRSRSR, au milundo ya P. Usipovifunika, programu itakuletea S.S.S kwa shangwe na alama za juu kabisa. Vifunike, lakini kwa kiasi, kwa sababu motifu za SH3 zinaishi ndani ya milundo hiyohiyo ya P. Hapa hakuna namba ya uchawi. Endesha mara mbili, ukifunika na bila kufunika, utazame nini kimebadilika.

Kuhusu AlphaFold, ambayo ndiyo hatua inayohitaji kadi ya michoro au seva ya mbali: inaweza kuchora motifu ikiwa imeshikwa kwenye domeni, na mara nyingi inapatia. Siri iko kwenye kukata. Ukiipa protini nzima yenye herufi 900 mara nyingi inapotea. Ipe domeni peke yake pamoja na vipande vya eneo legevu vinavyopishana, na nafasi ya kupata mshiko sahihi inaongezeka. Ila usiitumie kama hakimu wa mabadiliko ya jeni. Badilisha herufi muhimu ya motifu iwe A, na mara nyingi itakuchorea mshiko uleule kana kwamba hakijatokea kitu.

Kwa nini mtu wa Moshi ahangaike na haya? Saratani ya umio haihitaji kutambulishwa hapa. Kilimanjaro iko ndani ya ule ukanda wa Afrika Mashariki ambako ugonjwa huo ni mwingi. Katika sehemu ya uvimbe wa aina hiyo, jeni ya NFE2L2 hupatikana imebadilika. Protini yake, NRF2, ina herufi 605, lakini mabadiliko hayo hayatawanyiki kote. Hulundikana kwenye motifu mbili fupi, DLG na ETGE, ambazo protini ya KEAP1 huzishika ili NRF2 iharibiwe. Motifu ikivunjika, NRF2 inabaki hai na kuipa seli ya saratani ngao. Ugonjwa wa Liddle, unaoleta shinikizo la juu la damu kwa vijana wa familia moja, nao ni hivyohivyo: motifu PP.Y mkiani mwa mfereji wa sodiamu inaharibika, mfereji hauondolewi kwenye utando, na mwili unashikilia chumvi. Anayesoma orodha ya mabadiliko ya jeni za wagonjwa bila ramani ya motifu ataona herufi iliyobadilika katika eneo legevu na kuandika "haina madhara".

Mwisho wa yote, orodha yako ya wagombea 10 au 15 inakwenda maabara. Huko Uppsala, Sweden, kundi la Ylva Ivarsson na wenzake walichapisha mwaka 2022 maktaba ya peptidi (vipande vifupi vya protini) kama milioni 1, kila moja ya herufi 16, zinazofunika maeneo legevu ya protini za binadamu, zikiwa zimebebwa juu ya virusi vya bakteria viitwavyo faji. Hiyo ni njia ya kuvua samaki wote kwa wavu mmoja. Asiye na wavu huo anaagiza peptidi moja moja, na kwa hiyo anatakiwa kuchagua vizuri.

Agiza peptidi ya herufi 12 hadi 16, motifu ikiwa katikati. Ukikata karibu mno, unapoteza herufi za pembeni ambazo hazimo kwenye fomula lakini husaidia mshiko. Kwa kila peptidi agiza na pacha wake mwenye herufi muhimu zilizogeuzwa kuwa A. Bila pacha huyo jaribio lako halina maana. Kama motifu inahitaji fosfeti, agiza yenye fosfeti tayari, kwa sababu protini yako haitaitambua S tupu. Usianze na njia ya kuvuta protini kwa kingamwili kisha kuosha mara tatu au nne: mshiko wa maikromola 50 unaachia ndani ya sekunde, na unachoosha ndicho ulichokuwa unakitafuta. Pima mshiko katika hali ya utulivu, kwa mfano kwa peptidi yenye rangi ya mng'ao na kipimo cha jinsi mwanga wake unavyoelekea protini inapoongezwa, ukipandisha protini kutoka chini ya maikromola 1 hadi mia kadhaa.

Ukikuta pacha aliyevunjwa anashika sawasawa na mwenzake mzima, tazama kwanza K na R zilizomo. Peptidi yenye chaji nyingi hunata kwenye protini yoyote yenye chaji kinyume. Rudia kwa chumvi ya milimola 300 badala ya 150. Kama mshiko wa wote wawili unayeyuka pamoja, ulikuwa unapima mvutano wa chaji, na mgombea huyo anarudi kwenye faili la waliotupwa, na sababu yake ikiandikwa pembeni.